Chakula cha Watu

Mimi chakula changu hakisemwi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akashangaa baadaye. Nimezaa watoto saba na wote nimewakuza kwa ugali wa dona, maharage, kisamvu cha karanga na dagaa wa Nyasa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusukuma sahani akasema hiki sikitaki. Aliyejaribu alilala na njaa yake, asubuhi akaamka na adabu. Hironimus, mume wangu, husema ulimi wangu ndio pilipili ya nyumba hii. Mimi humjibu kwamba bila pilipili angekuwa ameshahama.

Nyumba yetu iko mtaa wa Lizaboni. Mwaka ninaousimulia ni wa tisini na nne, wakati maduka ya mtaani kwetu yalikuwa yamejaa vitu ambavyo miaka kumi nyuma tulivipangia foleni: sabuni, sukari, mafuta ya kula, biskuti za pakiti zenye picha za watoto wanene. Vitu vilikuwepo, kilichokosekana ni mshahara. Hironimus alikuwa amepunguzwa kazini, kwa hiyo biskuti tuliziangalia tu. Tulikula tulicholima na kilichotoka kwa mama mkwe wangu huko kijijini Lusewa, na tulipika kwa zamu.

Zamu zangu zilikuwa na sheria. Mtoto aking'oka jino la kwanza la utoto, anaingia jikoni, awe wa kike au wa kiume. Wanapika wawili wawili, mkubwa na mdogo. Mdogo anachambua mboga, anaosha, anachochea moto. Mkubwa anasonga ugali. Mimi nakaa kwenye kigoda mlangoni nikitoa amri. Majirani walinicheka kwa sababu Leonce, kijana wangu wa kwanza, alisonga ugali huku ana ndevu. Waliacha kucheka siku walipouonja.

Abuu aliletwa kwangu mwezi wa tisa mwaka huo. Alikuwa na miaka sita. Mama yake, Skolastika, ndiye mdogo wangu wa kuzaliwa naye. Aliolewa Tunduru na Bakili, mfanyabiashara wa korosho, akaingia dini ya mume wake wakamwita Saada, na sisi nyumbani tukaendelea kumwita Skola. Alifariki kwa uzazi, mwaka mmoja kabla ya haya. Kabla hajakata roho alinishika mkono akasema, "Dada, Abuu." Hakumaliza, lakini mimi nilimaliza mwenyewe moyoni.

Bakili alikubali kuniachia mtoto kwa sababu wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kwenye korosho, na msimu mzima angekuwa barabarani, leo Tunduru, kesho Mtwara. Lakini aliweka sharti. Tulikuwa tumesimama uani, begi la mtoto likiwa chini kati yetu.

"Shemeji," alisema, "nitarudi msimu ukiisha. Nikimkuta amestawi, atakaa kwako asome hapa. Nikimkuta amekonda, nitampeleka kwa mama yangu Tunduru, na sitakulaumu."

"Kwangu hakondi mtu," nikamjibu. Na nilimaanisha.

Nilifanya hata zaidi ya nilichoombwa. Siku hiyo hiyo nilitangaza kwamba nyama ya nguruwe haitaingia tena katika nyumba hii muda wote Abuu atakapokuwepo. Sisi ni Wakatoliki, na nguruwe wa Krismasi kwetu ni jambo kubwa, kwa hiyo Hironimus alinung'unika wiki nzima. "Krismasi bila nguruwe, Mama Leonce, si ni Kwaresima tu?" Nikamwambia atakula jogoo na atashukuru. Nilijiona mtu mwema kupita kiasi.

Basi Abuu akaanza kukonda.

Alikuwa mtoto mwenye adabu hata inachosha. Shikamoo zake hazikukosa, aliwahi kuamka kuliko wote, alifagia uwanja bila kutumwa. Asubuhi uji aliunywa wote, kikombe akakilamba. Lakini mchana na jioni, watoto wakikaa kuzunguka sinia, yeye alimega tonge dogo, akalizungusha kwenye vidole, akalishikilia mpaka wenzake wamalize. Ukimtazama alipeleka mkono mdomoni, ukigeuka mkono ulirudi chini. Nilipomuuliza kama hapendi chakula, alisema, "Nakipenda, Mama mkubwa. Nimeshiba." Ameshiba nini? Katika nyumba yenye watoto wanane, aliyeshiba mapema hana wa kumbembeleza. Fungu lake lilikuwa linapotea kabla hajafuta vidole.

Aliishi kwa uji, mahindi ya kuchoma, viazi vya kufukia kwenye majivu, na maembe yalipoanza. Kufikia Desemba shingo yake ilikuwa nyembamba na macho yamekuwa makubwa. Nilimpa dawa ya minyoo. Nikampeleka zahanati, daktari akampima damu, akamgonga tumbo, akamtazama ulimi, kisha akanitazama mimi.

"Huyu haumwi, mama," alisema. "Huyu hali."

Mimi, mama wa watoto saba. Nilitoka pale uso unaniwaka. Na kilichoniumiza zaidi kilikuwa kinanisubiri nyumbani. Jirani yetu wa ukuta wa pili, Bi Mwanaisha, Myao wa Tunduru anayekaanga vitumbua vya kuuza, aliniita kwa nia njema kabisa akanisifia mtoto wangu. "Mama Leonce, Abuu wako ana hamu ya chakula, mashaallah. Jana nimempa wali na maharage, amemaliza sahani, nikamwongeza, akamaliza tena."

Kwa jirani anakula, kwangu anakonda. Hasira hasara, wahenga wamesema, lakini wahenga hawakuwa wametukanwa upishi wao. Jioni ile nilipika dagaa wa nyanya mwenyewe, nikamkalisha Abuu mbele yangu, nikamshika kidevu, nikamlisha tonge. Alilimeza. Aliniangalia machozi yakimlenga, akaomba ruhusa kwa adabu, akatoka, akatapika kwenye migomba. Nami nikamwita mwenye kudeka, tena mbele ya wenzake. Hata leo nikikumbuka natamani nimfuate kule migombani, nimshike kichwa akitapika, kama nilivyowashika wengine wote.

Krismasi ikapita na jogoo wake. Mwanzoni mwa Januari jino la mbele la Abuu likang'oka. Nikasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu ana miezi mitatu. Nikamwingiza zamu. Moyoni nilikuwa na hila ya mzazi: mpishi lazima aonje, na akionja atameza. Nikampanga na Violeth, binti yangu wa pili, ambaye ana subira nisiyojua aliirithi kwa nani.

Zamu yao ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Chakula cha siku hiyo kilikuwa viazi vitamu vya kuchemsha na likolo, yaani mboga, na siku hiyo mboga ilikuwa majani ya maboga ya karanga. Nilikuwa kibarazani nachambua mchele, nikamwona Abuu akitoa nje chungu cha uji, akakiosha, akakibandika jikoni. Violeth akamwambia kitachelewa. Abuu akasema hana haraka. Walipika mboga kwenye chungu, kisha wakakiosha tena wakachemshia viazi, mpaka saa tisa matumbo ya watu yananguruma na Hironimus amesimama mlangoni akiuliza kama leo ni siku ya kufunga. Mimi nilikuwa nimeshajaza mdomo maneno makali.

Sikuyatoa, kwa sababu nilimwona akila. Alikaa chini na wenzake, akachukua kiazi, akachota mboga, akala. Akachukua kingine. Akala viazi vitatu vikubwa, akapigania majani ya mwisho na Edwin, mwanangu wa miaka kumi ambaye hajawahi kushindwa vita ya sinia, akamshinda. Mafuta ya karanga yalikuwa yamemfika mashavuni. Niliogopa hata kukohoa nisije nikamkatiza.

Kesho yake zamu ilikuwa ya wengine, ugali na maharage kwenye sufuria kama kawaida, na Abuu akarudi kwenye tonge lake la kuzungusha. Ndipo nikaanza kuwaza badala ya kukasirika, jambo ambalo ningelifanya Oktoba kama ningekuwa na akili. Uji hupikwa kwenye chungu. Viazi vya majivuni havina chombo. Kwa Bi Mwanaisha kuna sufuria za Bi Mwanaisha.

Jumatatu, wenzake wakiwa shuleni, nilimwita tubangue karanga. Tulibangua mpaka ungo ukajaa nusu. Kisha nikamwuliza, sauti nikiibana iwe ndogo, "Abuu, ile sufuria kubwa ina nini?"

Alitazama karanga. "Haina kitu, Mama mkubwa."

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mimi sijui, ndiyo maana nauliza."

Akabangua mbili zaidi. "Inapikiwa nguruwe," akasema. "Ile kubwa na ile ya ugali."

"Nani kakuambia?"

"Edwin. Siku niliyofika. Alinionyesha, akasema Krismasi mnapika humu, mafuta yanaelea mpaka hapa." Akaonyesha kwa kidole, kwenye kifundo cha mkono wake mwembamba.

Ilikuwa kweli tupu. Edwin hakuwa na ubaya, alikuwa anamringia mgeni Krismasi zetu. Nguruwe mimi nilimpiga marufuku mlangoni, nikajisifu, nikamsumbua mume wangu, na sufuria zile zile za miaka yote nikaendelea kuzibandika kila siku mbele ya mtoto. Sikuwaza hata mara moja. Kwangu mimi sufuria ikioshwa imeoshwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo alipoinua uso. "Baba alisema nisile haramu," akasema. "Na alisema nisichague chakula cha watu. Alisema kuchagua chakula cha watu ni kukosa adabu."

Basi mtoto wa miaka sita alipewa amri mbili na baba yake, akazitii zote mbili, na njia pekee ya kuzitii zote ilikuwa kukaa na njaa kimya kimya. Miezi mitatu na zaidi. Na mimi nikamwita mwenye kudeka. Nililia palepale juu ya karanga, na Abuu, maskini, akaanza kuniomba msamaha.

Sikungoja jioni. Nilikwenda kwa Bi Mwanaisha nikamweleza yote, hata la migombani, maana siri ikishaniuma siwezi kuikalia. Nilimwambia nitatafuta sufuria mpya kwa njia yoyote. Akanishika bega.

"Utanunua za nini, Mama Leonce? Ni najisi nzito, sikatai, lakini ina kuoshwa kwake. Maji mara saba, moja katika hizo kwa udongo safi. Ukimaliza, imetoharika, mpike mle. Mungu si mgumu kiasi hicho." Halafu akacheka kidogo. "Mwiko ndio uutupe. Mti unanyonya."

Mchana watoto waliporudi nikawakusanya wote kisimani na sufuria mbili, mifuniko yake, upawa na ndoo. Edwin nilishamweleza, na tangu hapo uso alikuwa ameuinamisha. Alichimba udongo yeye mwenyewe, wa chini, usio na majani. Alisugua mpaka vidole vikawa vyekundu. Violeth akamimina maji, wadogo wakakimbizana na ndoo, na Abuu akapewa kazi ya kuhesabu kwa sababu ndiye mwenye sharti. Mara ya tano Leonce alisema sufuria zinang'aa kuliko siku ziliponunuliwa, inatosha. Abuu akasema bado mbili. Wakarudia mbili. Hironimus naye, bila mtu kumtuma, alikuwa amekaa chini ya mpera na panga na kisu anachonga mwiko mpya, akiguna kwamba katika nyumba hii hata miti haipumziki.

Jioni ile tulipika ugali na maharage, chakula cha kila siku. Abuu akala. Alikula kwa haraka kama mtu anayechelewa safari, na wenzake, bila kuambiwa, walipunguza mwendo wakamwachia upande wake wa sinia. Mimi nilisimama nje ya jiko nikaegemea ukuta. Nilikuwa sijui kwamba nimebeba mzigo mzito hivyo mpaka ulipotuliwa.

Lakini nafuu yangu ilidumu siku nne.

Siku ya tano, asubuhi, Bakili akasimama mlangoni. Matope yalikuwa yamemfika magotini. Mvua zilikuwa zinaanza kuifunga barabara ya Tunduru, akaona awahi mwezi mzima kabla ya alivyopanga, maana akichelewa hatapita mpaka Aprili. Siku nne za ugali hazijazi shingo ya mtoto. Abuu alimkimbilia, Bakili akamnyanyua, na nikaona mikono yake ikishangaa wepesi wa kile ilichobeba.

"Karibu, shemeji," nikasema, nikamwekea kigoda.

Zamu ya siku hiyo niliwanyang'anya watoto, nikapika mwenyewe. Nilitaka apate chakula kilichonyooka: ugali wa dona, maharage yaliyoungwa kwa karanga, matembele. Nilipika nikimtazama dirishani, namna alivyomgeuza mtoto huku na huku, alivyompima mkono kwa vidole viwili. Nilibandika, nikaepua, nikatia hiki na kile, sijui nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nafikiria begi la Abuu na mahali lilipo.

Tulikula wote pamoja sebuleni, watoto kwenye sinia lao, Bakili na Hironimus kwenye lao, mimi katikati. Bakili alikula kwa heshima, kidogo kidogo. Kisha akanawa vidole akaniambia, "Shemeji, tulisema nini mimi na wewe?"

"Tulisema ukimkuta amekonda utampeleka kwa mama yako."

"Amekonda."

"Amekonda," nikasema. Ningeweza kutaja malaria. Wengi wangetaja malaria. Lakini nilimweleza kama ilivyokuwa, kuanzia nguruwe niliyemzuia mpaka sufuria niliyoisahau, tonge nililomlisha kwa nguvu, udongo, mara saba, siku nne. Watoto waliacha kutafuna. Bakili alisikiliza akiangalia mkeka.

"Miezi yote hiyo hakusema?" akauliza.

"Hakusema."

"Nani alimfundisha kunyamaza hivyo?"

"Wewe," nikamwambia. Ulimi wangu ndio huo, haujui kungoja. "Ulimwambia asile haramu, na ulimwambia asichague chakula cha watu. Ulitaka afanyeje?"

Hironimus alikohoa. Bakili hakukasirika. Akamwita mtoto kwa mkono, Abuu akaenda akapiga magoti mbele yake.

"Nilikuambia usichague chakula cha watu?"

"Ndiyo, baba."

"Nilikosea. Hapa si kwa watu, hapa ni kwa mama yako. Kitu kikikushinda, sema. Usikae nacho. Umesikia?"

"Nimesikia."

Abuu akarudi kwenye nafasi yake. Akamega tonge, akalichovya, akalitia mdomoni, akatafuna polepole. Akamwangalia baba yake, kisha akaniangalia mimi.

"Mama mkubwa," akasema, "maharage chumvi imezidi."

Mkono wa Edwin uliganda hewani. Hironimus alitazama bati la paa. Katika nyumba ile, tangu ijengwe, neno hilo halikuwahi kutamkwa na mtu akabaki na raha yake. Nikachota maharage, nikaonja. Yalikuwa machungu kwa chumvi. Nilikuwa nimetia mara mbili, labda tatu, na wote pale walikuwa wanayameza kimya kwa kuniogopa, hata mgeni.

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, mpaka machozi yakanitoka, na watoto wakanifuata, kwanza kwa woga, halafu kwa kelele. Abuu alicheka akiziba pengo la jino kwa mkono. Sikumbuki chakula kingine nilichopika ambacho kuharibika kwake kumenipa furaha kiasi kile.

Bakili aliomba maji. Akanywa kikombe kizima, akaomba cha pili, akakinywa chote. Kisha akaniuliza lori la Tunduru linaondoka saa ngapi.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, pale sokoni," nikasema, na kicheko kikanikauka.

"Basi jioni Leonce anisindikize nikaongee na dereva," akasema. "Anishikie nafasi moja."

"Moja?" nikauliza.

"Moja, shemeji," akasema, akanisogezea kikombe nimwongezee maji.